Jiko Lisilo na Moshi

Jumatatu, 2 Juni

Shajara hii ni mali ya Ambokile, mwenyekiti mtarajiwa. Mwalimu Vitus amesema leo kwamba watu wakubwa huandika siku zao. Basi naanza mapema, ili watakaokuja kuandika habari zangu wasipate taabu.

Habari zenyewe ni hizi. Nimezaliwa Ubaruku, kwenye mpunga na jua lake. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Sasa nimepanga chumba Mlandege, hapa Iringa mjini. Asubuhi nasoma QT, ule mtihani wa kuwarudisha walioacha shule, kwenye ukumbi wa kanisa, pamoja na kina mama, mafundi na watu wazima wengine ambao shule iliwaponyoka. Mchana nauza mkaa kwenye kibanda. Darasa linatafuta mwenyekiti na wagombea ni wawili: mimi na Bertha. Bertha ni binti wa mwenye nyumba wangu, Mama Anjela. Ana akili, sikatai. Lakini hana koti.

Mimi nina koti. La mtumba, rangi ya kahawa, manyoya ndani mpaka kwenye mikono. Nikilivaa, hata Mwalimu ananisalimia kwanza.

Mwalimu ametaka kila mgombea aandike ukurasa mmoja: "Kwa nini nataka kuwa kiongozi, na nitawasaidiaje wengine?" Tutausoma mbele ya darasa katikati ya Julai, siku ya kura. Wangu nimeshaumaliza. Nina sauti. Nina urefu. Nikishazoea uenyekiti nitapanda udiwani, nikishafika huko nitawasaidia watu wengi kwa mpigo.

Bertha ameusoma akiwa anaanua nguo. "Ambokile, mbona humu sijaona anayesaidiwa zaidi ya koti?"

Wivu.

Jumatano, 4 Juni

Baridi. Maji ya kunawa yanauma kama siafu.

Ijumaa, 6 Juni

Mzee Kalinga, mlinzi wa ukumbi, ananiita Mheshimiwa. Leo nimepita getini akapiga saluti mpaka kofia ikaanguka.

"Mheshimiwa, kura yangu unayo!"

"Mzee, wewe husomi QT."

"Basi nitakupigia makofi. Ila ukilichoka hilo koti, unikumbuke. Kibanda hiki kinapitisha upepo kama chekeche."

"Subiri nife, mzee, utalirithi," nikamwambia. Tukacheka sana. Ana jino moja mbele, akicheka anacheka kweli.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimeonyesha uongozi wa vitendo. Mzee Kalinga alikuwa anahangaika na jiko lake mbele ya kibanda, moshi umemtoa machozi. Nikamwambia kaa pembeni uone fundi. Kuwasha jiko hakuna anayeniweza hapa Mlandege, waulize wateja wangu. Mkaa unaupanga umesimama, unauachia upepo, unangoja. Moshi wote unaisha. Ukishakuwa mwekundu kabisa, hauna hata ukungu, unafunika kwa majivu kidogo. Hapo unaliingiza ndani, unafunga mlango, na linakupasha joto mpaka asubuhi. Mtu anayeingiza jiko lenye moshi ndiye mshamba.

"Mheshimiwa," mzee amesema, ameweka viganja juu yake, "hili si jiko, hili ni jua la Ubaruku."

Nimejisikia vizuri. Naandika ili isisahaulike.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee Kalinga amekufa.

Tulikuta geti limefungwa. Kina mama wa darasani wakaita, wakacheka, wakasema mzee leo amelewa usingizi. Mwalimu Vitus akasukuma mlango wa kibanda. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, blanketi mabegani, kofia magotini kama mtu anayesubiri kuitwa. Pembeni jiko, majivu matupu.

Sikuwahi kuona mtu amekufa akiwa amekaa. Nilidhani wote hulala.

Wakubwa wamesema ni baridi. "Baridi imemuua huyu. Mzee wa watu, kibanda chenyewe kile." Mwalimu ametikisa kichwa, na mimi nimetikisa. Nililivua koti nikalishika mkononi, sijui kwa nini.

Mchana mkaa umeisha kibandani kwangu. Mlandege nzima imeogopa baridi. Hata wale wanaonunua kopo moja wamenunua kiroba.

Jumamosi, 14 Juni

Wamempeleka kwao Idodi kuzikwa. Mimi sikuenda, nilibaki kuuza mkaa.

Jumatano, 18 Juni

Mwalimu amefundisha kemia. Kemia inafundishwa kwa Kiingereza, maana mtihani unakuja kwa Kiingereza, na darasa letu Kiingereza linakiangalia kama ng'ombe anavyoangalia treni. Mimi nina dawa yangu: naimba. Leo ilikuwa hewa inayotokana na kitu kuungua bila kupata hewa ya kutosha. Nimeitengenezea wimbo, na darasa zima limepiga makofi:

"Kaboni monoksaidi! Kalalesi, odalesi, poizonasi!"

Bertha peke yake hakupiga makofi. "Na maana yake?"

"Maana yake ni maksi," nikamjibu. Darasa likavunjika mbavu. Nimepata kura tatu hapo hapo, nimeziona kwenye macho.

Jumatatu, 23 Juni

Jaribio la kemia. Bertha kumi, mimi tisa. Ile moja nimekosa kwa sababu ya mwandiko.

Jumatano, 25 Juni

Anjela, dada yake Bertha, amejifungua mtoto wa kiume. Mumewe ni dereva wa lori, yuko njia ya Tunduma, kwa hiyo amekuja kulelewa kwa mama yake. Sasa nyumba nzima inanuka maji ya mwarobaini na uji wa pilipili manga. Mtoto ni mdogo kama kifurushi cha sukari. Nimeambiwa nisimwangalie sana.

Alhamisi, 26 Juni

Mama Anjela ameniita. "Wee Mnyakyusa, wewe si ndiye fundi wa majiko?"

"Mama, mimi ndiye."

"Mzazi hapigwi na baridi. Na kitoto hiki baridi ikikigusa kifua, ndiyo basi. Mzee Kalinga mtu mzima imemmaliza, sembuse hiki? Kila jioni utawasha jiko la chumba kile. Nikiona moshi kidogo tu, hapa unahama."

Nimewasha. Bila moshi. Mama amenipa bakuli la makande kama zawadi, na amemwambia jirani juu ya ukuta, "Huyu kijana akipewa uongozi atafika." Bertha alikuwa hapo hapo. Nimeyatafuna makande nikimwangalia.

Jumamosi, 28 Juni

Mtoto amepiga chafya mbili. Nyumba imetetemeka. Mama Anjela amesema dirisha la chumba cha mzazi linapitisha upepo, nilizibe. Nina viroba vya mchele nilivyotoka navyo Ubaruku. Nimevikata, nimeziba kila upenyo wa dirisha kwa viroba na matambara, nikapigilia ubao juu. Kazi safi. Chumba kimekuwa kama chungu. Bertha amehamia humo kumsaidia dada yake. Ametandika mkeka chini, karibu na mlango.

"Mheshimiwa," ameniambia nikiingiza jiko, "leo angalau umemsaidia mtu."

Kwa mara ya kwanza hakuwa ananitania. Nikasema mkaa huo ni wa Mufindi.

Jumapili, 29 Juni

Naandika jioni. Mwandiko mtanisamehe.

Mama Anjela alienda misa ya kwanza. Aliniacha na maagizo: nichemshe maji ya kumwogeshea mtoto, nikiona jua limegusa ukuta nipeleke ndoo mlangoni. Nikachemsha. Nikapeleka. Nikabisha hodi.

Kimya.

Nikasema, "Bertha, amka, mwenyekiti amekuletea maji." Kimya. Nikasema jambo la kijinga zaidi, ili anitukane tu. Bertha hajawahi kuacha kunitukana. Kimya.

Kisha nikagundua mtoto halii. Tangu azaliwe, asubuhi ndiyo saa yake ya kulia, jirani wanalalamika. Nikasukuma mlango, umefungwa kwa komeo ndani. Nikaliita jina la Bertha sijui mara ngapi. Nikazunguka dirishani.

Ubao nilioupigilia mwenyewe ulikuwa imara. Kazi safi! Nilivunja kucha mbili kuung'oa. Nikavuta viroba vyangu, nikapiga kioo kwa jiwe, nikaingia kichwa kwanza, koti likashikwa na kioo likachanika mkono.

Hapakuwa na moshi. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Hapakuwa na harufu ya kitu chochote. Chumba kilikuwa kisafi na joto zuri, jiko limelala kwa majivu yake, na watu watatu wamelala kama watu waliolala.

Nikafungua mlango, nikamburuta Bertha kwanza, alikuwa karibu. Mdomo wake ulikuwa unatikisika lakini hasemi. Nje akatapika. Nikarudi kwa Anjela, mzito kama gunia la mpunga mbichi, nikamvuta kwa kwapa. Mtoto alikuwa kifuani mwake, ndani ya kanga. Kichwa kilining'inia. Nilimshika mimi niliyeambiwa nisimwangalie.

Jirani wakajaa. Mwingine analia, mwingine anasema pepo, mwingine anasema mpeni maziwa. Mimi nikawa nampulizia mtoto usoni kama ninavyopuliza mkaa, sikujua kingine cha kufanya. Bajaji ikaja. Tulipofika kona ya soko mtoto akatoa sauti. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mlango wenye kutu. Nikamwambia dereva, "Usisimame, kaka, hata wakisimamisha usisimame."

Jumatatu, 30 Juni

Wako hai. Wote watatu wamewekewa oksijeni. Bertha anaongea. Anjela amefungua macho, lakini ukimwuliza jina la mumewe anafikiri kwanza. Mtoto bado yupo kwenye chumba chake cha peke yake na mipira puani.

Nesi Esnath ametukalisha kwenye benchi, mimi na Mama Anjela. Nesi ni mwanamke mfupi, wa Mbeya kama mimi, haongei kwa kuzunguka.

"Mliwasha jiko ndani?"

Mama akasema ndiyo, lakini halikuwa na moshi hata kidogo, huyu kijana ni fundi.

"Mama yangu, moshi ungewasaidia. Moshi mngekohoa, mngeamka. Mkaa ukiungua chumba kimefungwa, unatoa hewa nyingine. Haina rangi. Haina harufu. Na ni sumu. Mtu analala tu, basi."

Haina rangi. Haina harufu. Ni sumu.

Nilihisi kama mtu ameliondoa benchi chini yangu. Nesi alikuwa anaimba wimbo wangu. Kalalesi, odalesi, poizonasi. Kwa wimbo huo nilipigiwa makofi, nikapata tisa juu ya kumi, na wiki hiyo hiyo nikawasha jiko, nikaziba dirisha, nikapokea makande. Na Bertha, mwenye kumi, alilala pembeni ya lile jiko. Tulikuwa nayo yote kwenye daftari kwa Kiingereza. Jiko la Mama Anjela lilikuwa linaongea Kiswahili.

Nikasema, "Nesi, na mtu aliyekaa kwenye kiti? Mlinzi. Kibanda kimefungwa, jiko ndani?"

Akaniangalia. "Mkaa wa kufunika na majivu?"

"Ndiyo."

"Mbaya zaidi," akasema, akaitwa wodini, akaondoka.

Kumbe si baridi iliyomchukua Mzee Kalinga.

Jumanne, 1 Julai

Sijaenda darasani wala kibandani.

Jumatano, 2 Julai

Watu wananipongeza njiani. "Shujaa! Umevunja dirisha!" Wote waliniona nikipigilia ubao, wote waliniona nikiingiza jiko, hakuna anayeliona kosa, kwa sababu kila nyumba inafanya vile. Mama wa mandazi amenipa mandazi mawili ya ushujaa. Nyuma yake, ndani, nimeona jiko jekundu na watoto wamelizunguka, mlango umefungwa nusu. Nikasema, "Mama, toa hilo jiko nje." Akacheka. "Mwenyekiti bwana, umeanza kampeni!"

Mdomo huu wote, na hakuna anayeuamini. Sijui nilidhani unafaa kwa kazi gani.

Ijumaa, 4 Julai

Wamerudi nyumbani. Siku ya furaha, wali na kuku, padri amepita kubariki. Baridi nayo imezidi, leo asubuhi majani yalikuwa meupe.

Jioni, jua likiwa bado linaonekana kwa mbali, nimetoka chumbani nikakuta Mama Anjela anapuliza jiko. Dirisha limewekwa kioo kipya. Viroba vyangu vimefuliwa, vimekunjwa vizuri, vinangoja.

"Mama, hilo jiko linakwenda wapi?"

"Wewe unaona linakwenda wapi? Kwa mzazi."

"Mama, nesi alisema..."

"Nesi ana nyumba yenye dari. Ule mkaa ulikuwa na kitu, mkaa wenu wa Mufindi. Huu nimenunua kwingine. Na wewe, umewahi kuzaa? Umewahi hata kumfunga mtoto nepi? Mzee Kalinga..."

"Mzee Kalinga hakufa kwa baridi! Nilimwashia... nilimfundisha mimi kuliwasha jiko lake, Mama! Bila moshi!"

Akaushika mshikio wa jiko. Na mimi nikaushika. Tukawa tumeshikana jiko katikati ya ua, mtu na mwenye nyumba wake, mkaa unaruka cheche. Sijawahi kuvutana na mtu mzima. Kwetu ningelaaniwa. Nikalichomoa, nikakimbia nalo.

Jirani wakapanda kuta. "Mwizi wa jiko!" watoto wanashangilia. Mama Anjela nyuma yangu na kandambili mkononi: "Rudisha! Wee Mnyakyusa, rudisha jiko langu, na kesho utoke kwangu!" Nimezunguka kisima, nimezunguka banda la kuku. Waya wa mshikio ulikuwa wa moto, nikasikia kiganja kinaungua, sikuliachia.

Bertha akatoka mlangoni, amejishikilia ukuta, bado hana nguvu.

"Mama."

Sauti ndogo tu, lakini ua wote ukatulia.

"Mama, siku ile nilikuwa macho. Sijakuambia. Nilimsikia mtoto analia. Halafu akalia kidogo. Halafu nikasikia anaacha. Mlango ulikuwa hapa, mkono unaufikia. Niliuambia mkono uende, haukwenda. Nilikuwa nasikia mtoto anazimika na nimelala namsikia."

Kandambili ilianguka. Mama Anjela alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na nguo yake ya misa. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anarudia tu, "Nilikuwa kanisani. Nilikuwa nimepiga magoti kanisani."

Jiko nililiweka katikati ya ua. Likaungua hapo, watu wazima wamelizunguka wamesimama, hakuna aliyenyoosha mikono kujipasha.

Jumamosi, 5 Julai

Kiganja kimevimba. Bado sijafukuzwa. Asubuhi nilikuta kikombe cha chai mlangoni, tangawizi nyingi mno, ndivyo anavyoipika yeye. Mtoto analala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mablanketi mawili juu, chupa ya maji moto miguuni, kama Nesi Esnath alivyoelekeza. Dirisha wazi kiasi cha mkono.

Jumatano, 9 Julai

Mama Anjela ameniamuru nimfuate. Tumeingia nyumba kwa nyumba. Yeye anabisha, anakaa, anaulizia watoto, mifugo, padri, mvua. Mimi nasubiri. Kisha anasema, "Sasa wewe mwenye mdomo, sema." Nasema kwa Kiswahili: haina rangi, haina harufu, ni sumu, jiko likikosa moshi ndiyo uliogope. Wakibisha, anawaonyesha kiganja changu, kisha anawaambia alikokuwa siku ile saa ile. Hapo hawabishi.

Mama wa mandazi ametoa jiko nje mwenyewe. Hakucheka.

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kura. Bertha alisoma ukurasa wake: anataka kuwa nesi, anataka mtu akifundishwa kitu aelewe kinaishi wapi nyumbani kwake. Kisha zamu yangu. Ule ukurasa wa udiwani nilikuwa nao mfukoni. Nikasimama, darasa likaanza lenyewe kuimba, kwa furaha, kunikaribisha: "Kaboni monoksaidi!"

Nikawaambia wanyamaze. Nikawaimbia tena kwa Kiswahili, taratibu, nikaonyesha kwa kidole, kupitia dirisha la ukumbi, kile kibanda cha getini. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Vitus alitoa miwani, akaangalia kibanda, akaangalia ubao wake, hakuandika kitu.

Bertha ameshinda. Mimi mwenyewe nimempigia.

"Na mimi nilikupigia wewe, mpumbavu," ameniambia tukirudi. Halafu: "Nikisomea unesi, wewe utasoma nini?"

Nikasema labda hichohicho, ila mimi nitakuwa mrefu zaidi.

"Ukurasa wa Mwalimu bado anaudai. Ule wa kwa nini."

"Nitauandika."

Alhamisi, 17 Julai

Kanisa limeleta mlinzi mpya, kijana wa rika langu, anaitwa Anord. Nimepita getini jua linazama, upepo unakata masikio. Mlango wa kibanda umefungwa. Chini ya mlango nimeona wekundu.

Nikafungua bila hodi. Amekaa kwenye kiti kilekile. Jiko safi, halina moshi hata chembe. Amejitahidi kweli.

Nikalibeba nikaliweka nje. Nikamweleza yote, tangu mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, meno yanagongana, akauliza swali moja:

"Sawa, kaka. Sasa mimi nitakaaje humu mpaka asubuhi?"

Nimetembea mitaa yote nikisema toa jiko, na swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu asiye na blanketi la pili. Nilisimama hapo. Upepo ulikuwa unapita kama kwenye chekeche, alisema kweli yule mzee.

Sasa niko chumbani. Nimejifunika shuka na viroba vya Ubaruku. Anord koti linambana kidogo mabegani na mkono mmoja umeshonwa vibaya, lakini manyoya yanafika mpaka vidoleni.

Mwalimu, ule ukurasa nitauleta kesho. Leo kalamu haishikiki.